Mama Mkwe Alipokwama Angani Segese

Tangu nirudi, hakuna anayeingia kibandani kwangu kuchukua suruali yake bila kuniuliza kwanza habari za Segese. Wengine wamesikia kwamba mama mkwe wangu ameanzisha dini. Wengine wamesikia kwamba nilimtundika sokoni kwa makusudi, nikaenda kula. Masanja wa cherehani ya pili, niliyemwachia kazi zangu zote, anaisimulia safari hii vizuri kuliko mimi, na hakuwepo. Basi kaeni, nisimulie mwenyewe, kituo kwa kituo.

Shinyanga

Mnaomjua Mama Milembe mnajua kwamba hana mchezo. Ndiye mama mzazi wa mke wangu. Alianguka na bajaji, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu, lakini ukali wake haukuumia hata kidogo. Amelelewa Kisukuma cha zamani: mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe, hali naye meza moja, hamkazii macho, na maneno baina yao hupitia kwa mtu wa tatu. Vijana wa leo wanapeana mikono na wakwe zao na kupiga nao picha. Yeye hayo anayaita wehu. Tumeishi naye ua mmoja kwa amani kwa sababu Milembe yupo katikati, anapokea neno huku na kulipeleka kule.

Mwingine aliyetusaidia ni gari. Wanawe walichanga wakamnunulia gari la mtumba la Kijapani, lile lenye lifti nyuma. Unafungua mlango, unabonyeza kitufe, ubao unashuka mpaka chini, mama anajisukuma mwenyewe juu yake, unabonyeza tena, anapanda kama mgeni wa heshima. Hakuna kubebana. Wakwe wanaheshimiana, umeme unafanya kazi. Na kila lifti inapoanza kwenda, sauti ya mwanamke inatoka nyuma ya gari, inasema maneno marefu ya Kijapani yanayoishia na "kudasai". Mama Milembe aliamua siku ya kwanza kwamba anaamkiwa, na hajawahi kukosa kujibu: "Marahaba, mwanangu."

Sasa, Deus, kitinda mimba wake, alikuwa anapewa upadri Geita. Na mnajua padri mpya baraka zake za kwanza anawapa wazazi. Baba yao hayupo duniani, kwa hiyo baraka ile ilikuwa na kichwa kimoja tu cha kutua. Mama Milembe alikuwa ameingojea tangu Deus anavaa kaptula.

Milembe alitangulia na watoto kusaidia mapishi. Ikapangwa binamu yake Mama Milembe, bibi mmoja mcheshi, asafiri nasi ili awe mtu wa tatu garini. Asubuhi ya safari bibi akaamka anatetemeka kwa malaria. Tukabaki mimi, Mama Milembe, na jogoo mwekundu ndani ya boksi, zawadi ya padri.

Nilikaa nyuma ya usukani nikiwa sijui nianzie wapi. Nimwambie nani tunaondoka? Kisha nikasikia sauti nyuma yangu:

"Wewe jogoo. Mwambie dereva jua linapanda."

Nikakohoa. "Jogoo," nikasema, "mwambie mama tunaondoka sasa hivi."

Ndivyo tulivyotoka Shinyanga.

Tinde

Tulisimama Tinde kwa ajili ya chai. Nilizima gari, nikaagiza kikombe, na kabla hakijafika Mama Milembe akamwambia jogoo kwamba kuna joto, tusogee kivulini. Nikapiga stata. Gari likasema tk-tk-tk, kama mtu anayesikitika, likanyamaza.

Kwa watu wa Tinde, gari lililokataa kuwaka ni sherehe. Walikuja wote. Muuza karanga akasema limekosa mafuta. Mwingine akasema gari la Kijapani likivuka saa yake ya kulala ni lazima liachwe lilale. Bodaboda mmoja akafunua sakafu nyuma, maana betri ya gari hili haikai mbele kama za wenzake, inakaa chini ya sakafu upande wa kushoto, jirani na nguzo ya lifti. Akaona ungaunga mweupe kwenye vichwa vya betri, akapiga kelele, "Maji ya moto! Leteni maji ya moto tuoshe!"

Mama wa mgahawa akakimbia na chupa yake, akamimina. Ungaunga ukatoka kweli. Harufu nzuri ikapanda. Ilikuwa chai ya tangawizi.

"Wewe jogoo," nikasikia kutoka ndani. "Hawa wanalinywesha gari chai, na mimi sijapata kikombe."

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mizigo, mtu wa Singida, mpole, ambaye hakuuliza kitu. Alisogeza lori lake, akatoa waya za kubusti, nyekundu akaibana kwenye betri, nyeusi akaibana kwenye chuma kitupu cha gari, akanipungia mkono. Gari likawaka mara moja. Watu wakashangilia.

"Betri yako imechoka," akaniambia. "Usizime mpaka Kahama."

Sikuzima. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimekaa kwenye usukani, mguu juu ya mafuta, kama mtu anayekimbia polisi.

Kahama

Fundi wa Kahama alikuwa na karakana kubwa na maneno makubwa. Aliitazama betri yangu kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. "Hii imekufa," akasema. "Tena ilikufa zamani. Mlikuwa mnaendesha na maiti."

Nikanunua mpya. Akaitoa ya zamani, akaingiza mpya, akasukuma nyaya huku na huku, akafunga. Tukajaribu lifti. Ilipanda na kushuka kwa nguvu mpaka Mama Milembe akamwagiza jogoo aombe irudiwe. "Kudasai," likasema gari. "Marahaba, mwanangu." Kila mtu akafurahi.

Kazi ilikuwa imekula mchana wote, tukalala kwa shemeji yake Milembe pale pale mjini. Milembe akapiga simu. "Mmefika wapi?"

"Kahama."

"Kahama! Siku nzima? Mnakuja na gari au mnalisukuma?"

"Tumebadilisha betri. Sasa hakuna tena shida," nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye betri mpya.

Segese

Segese tulikusudia kuipita tu. Lakini ilikuwa siku ya soko, na pale barabarani harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa inavuka kama mtu mwenye haraka. Jogoo aliambiwa kwamba kuna watu ndani ya gari hili wana njaa.

Lifti ikashuka vizuri. Mama Milembe akala ugali na mlenda na samaki mzima, mama lishe akamsaidia mambo mengine ya lazima, na mimi nikala meza ya mbali nikimpa mgongo, kama inavyotakiwa. Kisha akajisukuma juu ya ubao, akafunga breki za kiti, nikabonyeza.

Sauti ya Mjapani ikaanza salamu yake. Ikafika katikati, ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Na lifti ikasimama.

Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikabonyeza cha kushusha. Hakuna. Nikakimbia mbele kupiga stata. Tk-tk-tk.

Lifti hii haiendi juu sana, usawa wa kiuno tu. Lakini mpandishe mtu aliyekaa kwenye kiti usawa wa kiuno chako, uone: kichwa chake kinakuwa juu ya vichwa vyote vya soko. Na Mama Milembe alikuwa amevaa gauni jeupe nililomshonea mwenyewe kwa ajili ya upadrisho, kitambaa cheupe kichwani, rozari kubwa ya mbao shingoni. Alikuwa amekaa pale juu, amenyooka, akiwatazama watu bila kutabasamu.

Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Segese ina watu wa kila pembe ya nchi waliofuata dhahabu, na mtu anayetafuta dhahabu huwa hapuuzi dalili yoyote. Nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ni nabii. Anatoka Mwanza. Anahubiri akiwa angani."

Nilitaka kukanusha, lakini palikuwa na mtu anauza dawa ya panya kwa kipaza sauti, na huyo hakupenda kuona wateja wake wakimhama. Akaja navyo vyote, dawa na kipaza sauti, akakinyoosha juu kwa adabu. "Mayu, mama yetu, karibu utusalimie."

Mama Milembe akakipokea. Akakigeuza, akapata kitufe, akasalimia Kisukuma.

"Mwadila!"

"Mwadila, mayu!" likajibu soko zima.

"Mnanitazama nini? Hamna kazi?"

"Amina!"

"Mimi nimekwama hapa!"

"Sote tumekwama, mayu!" akapaza mchimbaji mmoja aliyejaa vumbi mpaka kope. "Shimo la duala letu limekauka tangu masika, tunachimba mawe matupu!"

"Amina!" wakasema wengine, na mimi nikaona mambo yameshaharibika.

Vijana wanne wenye mikono kama mashina wakajitokeza, wakasema watambeba yeye na kiti chake wamteremshe. Walikuwa watu wema na hawakuwa wakwe zake, hivyo sikuona ubaya. Yeye aliwatazama.

"Nishushwe niende wapi? Mwanangu yuko Geita. Hayuko hapo chini."

Wakarudi nyuma. Kisha kijana mmoja mwembamba akasogea na jiwe kiganjani, jiwe la mwamba lenye mng'ao kidogo, akaomba aliombee. "Mimi Mwislamu, mama," akasema, "lakini dua ni dua."

"Mama yako yupo hai?"

Kijana hakutegemea swali lile. "Yupo. Yuko Handeni."

"Umempigia simu lini?"

Kijana akatazama jiwe lake.

"Mpigie. Hapa hapa, nikuone."

Akapiga. Na kwa kuwa alikuwa karibu na kipaza sauti, sote tukamsikia mama wa Handeni akipokea, akiuliza ni nani, kisha akipiga kelele ya furaha, kisha akianza kugomba, amekuwa wapi, anakula nini, mbona hakusema kama yu hai. Wachimbaji walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Wawili watatu nikawaona wakitoa simu zao na kujitenga pembeni.

Mimi nilikuwa nimesimama chini ya ubao, macho kwenye viatu vyangu. Sikuweza kumbeba, sikuweza kumtazama, na gari sikuweza kuliwasha. Niliwaza upadrisho kesho asubuhi, niliwaza Deus akigeuka kutafuta mama yake. Ndipo nikasikia jina langu likipasua soko.

"Baba Kulwa!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Jogoo alikuwa ndani ya gari. Hakukuwa na mtu wa tatu.

"Baba Kulwa, nakusemesha wewe. Acha kukagua viatu. Tafuta fundi."

Nikainua uso. Akanitazama, nikamtazama. Hakuna aliyekufa.

"Ndiyo, mama," nikasema, nikakimbia.

Fundi niliyempata anaitwa Shija, kazi yake ni kutengeneza mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuja na taa yake ndogo ya kupimia. Akapima betri: nzima. Akapima fyuzi: nzima, moja baada ya nyingine. Akajaribu kitufe: kimya. Akavuta pumzi, akakaa chini, akakuna shingo. Nikakuna yangu.

"Nyinyi mnahangaika," akasema Mama Milembe kutoka juu. "Huyu mtoto wa ndani akiniamkia hamumsikii? Nikiegemea kushoto anaongea. Nikikaa sawa ananyamaza."

"Mtoto gani?" akauliza Shija.

Mama Milembe akaegemea kushoto, uzito wote kwenye nguzo ya lifti. "...kudasai," likasema gari. Akakaa sawa. Kimya. Akaegemea tena. "...kudasai."

"Amina!" likajibu soko.

Shija akaruka kama aliyeumwa na siafu. Akajipenyeza ubavuni mwa ubao, akafunua tena sakafu upande wa kushoto, akaingiza kichwa na mkono mzima. Tulimsikia akigonga, akilaani, akicheka. Kisha akapaza sauti kutoka kule chini, kwa furaha yote ya fundi aliyeukamata ugonjwa:

"Ardhi imelegea!"

Enyi ndugu zangu. Mnajua huwezi kusema maneno yale mbele ya watu wanaoshinda ndani ya mashimo. Mtu wa kwanza akakimbia bila kuuliza. Wa pili akamfuata wa kwanza. Muuza dawa ya panya akaacha dawa yake yote na kipaza sauti juu. Kufumba na kufumbua, soko lilikuwa ng'ambo ya barabara, wengine juu ya malori, mmoja juu ya mti wa mwarobaini, wote wakitazama chini ya miguu yao wakingoja ardhi ifunguke. Tuliobaki ni mimi, Mama Milembe, matako ya Shija, na mama lishe, ambaye alisema hawezi kuacha samaki kwenye mafuta.

"Waya!" Shija akatoa kichwa, akashangaa watu wamekwenda wapi. "Waya wa ardhi! Wa betri!"

Ilichukua muda kuwarudisha. Shija akanionyesha. Betri ina waya mnene mweusi unaokwenda kufungwa kwenye bodi ya gari. Mafundi wa huku wanauita ardhi. Gari hili lilipofika nchini lilipakwa rangi upya, na aliyelipaka alirudisha nati juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Ulikuwa unapita kwa bahati, pale nati ilipokwaruza kidogo, na barabara ilipoitikisa bahati ikakatika. Lifti inakula umeme mwingi, ndiyo maana ilikuwa ya kwanza kulalamika. Lori la Tinde lilituwasha kwa sababu dereva alibana waya wake kwenye chuma kitupu. Na fundi wa Kahama alipobadilisha betri aliusogeza waya tu, ukakaa vizuri mpaka shimo la kwanza kubwa. Yule maiti tuliyemwacha karakana, nadhani, alikuwa mzima wa afya.

Shija akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga nati kwa nguvu, akapaka grisi juu isishike kutu. Nikabonyeza. Mjapani akasalimia mpaka mwisho, lifti ikapanda kama inavuta pumzi, Mama Milembe akaingia ndani akiwapungia watu kwa mkono wa rozari.

"Ukitumia lifti, acha injini iwe inaunguruma," Shija akaniambia. "Na kila asubuhi, kabla hujawasha, utikise huo waya kwa mkono. Ukicheza, kaza."

Kijana wa Handeni alisimama dirishani mpaka tunaondoka. Jiwe alikuwa amelisahau mfukoni.

Kakola

Kati ya Segese na mgodi wa Bulyanhulu mvua ilitukuta, ile ya huku isiyonyesha bali inayomwagwa. Tulifika Kakola giza linaingia, tukaambiwa mbele kuna daraja maji yamepita juu, tungoje asubuhi. Nyumba ya wageni niliyoipata ilikuwa na ngazi, lakini mwenye nyumba na binti zake wakamwingiza Mama Milembe kwa vicheko.

Habari zilikuwa zimetutangulia kwa pikipiki. Mhudumu aliniletea wali maharage, akainama. "Samahani, baba. Ni kweli yupo nabii amelala hapa? Wanasema alisema ardhi italegea, ikalegea."

"Ni mama mkwe wangu."

Akanitazama kwa huruma. "Pole," akasema, akaniongezea maharage.

Bukoli

Asubuhi nikatikisa waya. Haukucheza. Nikamsalimia Mama Milembe moja kwa moja, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba, Baba Kulwa," na jogoo akakaa bila kazi.

Kabla ya Bukoli tukakuta barabara imezibwa na lori lililozama matope mpaka ekseli, na kando yake akina mama wamesimama na vitenge vya sare, viatu mkononi. Walikuwa wanakwaya wanaokwenda Geita, kwenye upadrisho ule ule. Nilizitazama sare zao kwa jicho la kazi: mikono ilikuwa imeshonwa mmoja mbele mmoja nyuma. Lakini haikuwa siku ya kusema.

"Waingie," akaamuru Mama Milembe.

"Mama, hawatatosha."

"Wanaotosha waingie. Wasiotosha wasukume."

Wakaingia mpaka nikashindwa kuona kioo cha nyuma. Waliobaki, pamoja na bodaboda na dereva wa lori, wakatusukuma kandokando ya tope, maji yakigonga sakafu pale pale ilipo betri. Nilikuwa nasali mguu ukiwa juu ya mafuta. Kila mtu nje ananipigia kelele, "Usizime! Usizime!" na ndani kwaya nzima inaimba, na mama wa sauti ya kwanza amelikalia boksi la jogoo, na jogoo anaimba pia. Gari likatikisika, likateleza ubavu, likapanda ng'ambo. Taa zote kwenye dashibodi zilikuwa zimetulia. Nikaipiga dashibodi kofi la upendo.

Geita

Tulisikia kengele kabla hatujaliona kanisa. Ua ulikuwa umejaa watu waliokosa nafasi ndani, wamekaa kwenye mikeka chini ya maturubai, wakifuata ibada kwa spika. Mabawabu wakatufungulia njia mpaka mlango wa pembeni. Wanakwaya wakaruka nje, wakakimbia na sare zao za mikono ya kinyume.

Ndani walikuwa wamefika kwenye litania, pale padri mtarajiwa analala kifudifudi sakafuni na watakatifu wote wanaitwa mmoja mmoja. Jina linaimbwa, na watu wote, ndani na nje, wanajibu, "Utuombee." Kanisa zima limepiga magoti. Hakuna anayekohoa.

Sikuzima injini. Nikafungua mlango wa nyuma, nikabonyeza.

Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya sauti.

Mwimbaji alikuwa amevuta pumzi kati ya mtakatifu mmoja na mwingine. Katika kimya kile, sauti ya mwanamke, nyororo, wazi, ikatoka nyuma ya gari langu, ikasema maneno yake yote kwa utaratibu mpaka "kudasai".

"Utuombee," ukajibu ua wote.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Milembe.

Nilitamani ardhi ilegee kweli. Bawabu mmoja alijiziba uso kwa kofia. Bibi kizee aliyekuwa kwenye mkeka akamuuliza jirani yake yule mtakatifu ni wa wapi. Lakini lifti ilishuka mpaka chini bila kutikisika, na Milembe alikuwa ameshafika mbio, macho mekundu, akashika kiti cha mama yake na kukisukuma ndani.

Waliokuwa mbele wanasema kwamba wakati ule ule mabega ya Deus, pale alipolala sakafuni, yalianza kutetemeka. Watu walifuta machozi kwa kuona jinsi kijana alivyoguswa. Deus mwenyewe ametuambia ukweli baadaye, kwenye pilau. Usiku uliotangulia hakupata usingizi, alikuwa ameambiwa daraja limefunikwa na mama hayupo. Alikuwa amelala pale sakafuni akijaribu kukubali. Kisha akamsikia Mjapani wa gari, anayemfahamu tangu alipokuja nyumbani likizo, na sauti ya mama yake ikimwitikia. "Nilikuwa nacheka," akasema. "Sijawahi kucheka hivyo. Nilijiuma mkono nisisikike."

Misa ilipokwisha akashuka madhabahuni akiwa na mavazi mapya, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Akaweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cheupe cha mama yake. Hakuweza kumaliza maneno kwa mara moja. Alianza, akasimama, akaanza tena. Mama Milembe alikuwa amefumba macho. Deus alipomaliza, mama akaishika mikono ile akaibusu viganja, kama desturi ilivyo, kisha akamtazama juu mpaka chini.

"Umekonda," akamwambia.

Shinyanga tena

Jogoo tulimwachia padri wake. Kurudi kulikuwa kwepesi, sina la kusimulia ila kwamba Segese tulipita bila kusimama na watu walitupungia.

Nilidhani baada ya hapo tutapumzika. Siku ya soko iliyofuata, nikiwa natikisa waya kama nilivyozoea sasa, nikamkuta Mama Milembe yupo tayari nyuma ya gari, amejifunga kitenge, kikapu mapajani.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Sokoni. Nataka nyanya."

"Mama, Milembe anakwenda sasa hivi, atakuletea."

"Naletewa kila siku. Mimi nataka kwenda."

Nikampeleka. Alijisukuma mwenyewe kati ya meza, watu wakisogeza magunia. Akafika kwa muuza nyanya, akachukua moja, akaibonyeza, akainusa, akairudisha. Akachukua nyingine, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha. Ya tatu akaiweka kikapuni, akaifikiria, akaitoa.

"Mayu," akasema muuzaji, "utazigusa zote?"

"Zote," akasema Mama Milembe.

Nilirudi kwenye gari nikazima injini. Kazi ile haikuwa ya kuisha upesi.